Kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: maswali yanayoulizwa kila siku

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wanauliza tena na tena kuhusu magofu ya Kilwa, mengine yanakuja kwa wasap, mengine mtu ashafika stendi ndo anauliza. Nimeanza na ya msingi, yale ya mambo yanayotokea mara moja moja yako chini. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja na utauona unajirudia: Kilwa usiende mbio mbio, na usiende bila kujua maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi.

## Ya kuanzia

Kilwa ni ipi hasa? Mbona zipo tatu?

Hili ndo la kwanza kabisa na linachanganya wengi. Kilwa Masoko ndo mji wa sasa, makao makuu ya wilaya, upo bara, utalala huko na bandari ndogo ya kuvukia ipo huko. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kilichopo mbele ya Masoko, ukisimama bandarini unakiona kwa macho, na magofu makubwa ya usultani yapo huko. Kilwa Kivinje ipo kaskazini ya Masoko, ni mji wa karne ya 19, una boma la Mjerumani na nyumba za zamani. Mtu akikwambia "niko Kilwa" muulize ipi, maana ukishuka Kivinje usiku ukidhani umefika Masoko itabidi utafute usafiri mwingine.

Songo Mnara nayo ni kisiwa kingine, kusini zaidi, ina swali lake chini.

Kuna nini cha kuona huko, si mawe tu?

Ni mawe, ndio, lakini ni mawe ya mji uliokuwa na uwezo kuliko miji mingi ya dunia ya wakati ule. Kuanzia karne ya 13 mpaka ya 15 Kilwa ndo ilikuwa imeshika biashara ya dhahabu iliyokuwa inatoka ndani huko Zimbabwe, inashuka Sofala kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, inapita Kilwa ndo iende Uarabuni, Uajemi na India. Vyombo vya kaure vya China vililetwa hapa, shanga, vitambaa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba zenye majina yao, na sarafu ya Kilwa imeokotwa hadi Great Zimbabwe. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje kule.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 akaandika kwamba ni moja ya miji mizuri aliyoiona, akamsifia sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu, watu walimwita Abul Mawahib, baba wa zawadi. Ukisimama Husuni Kubwa, lile jumba la juu ya jabali, umesimama kwenye nyumba ambayo mtu huyo huyo anasemekana ndo aliijenga. Binafsi sijui sehemu nyingine ya Tanzania bara inayokupa kitu kama hicho.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa pamoja ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka na bahari inakula ufukwe, zikafanyiwa ukarabati miaka kadhaa, 2014 zikatolewa kwenye hatari.

Siku moja inatosha?

Kisiwani peke yake nusu siku inatosha kama unatembea haraka, siku nzima ndo unafaidi. Ukitaka na Songo Mnara weka siku nyingine kamili. Ukiongeza Kivinje inakuwa siku ya tatu, japo Kivinje unaweza kuipitia siku unayorudi kwa vile ipo jirani na barabara kuu. Kutoka Dar kwenda na kurudi siku hiyo hiyo msijaribu. Mtafika mmechoka, maji yashapwa, mwongozaji anawaonyesha msikiti mkuu na Gereza (ile ngome ya ufukweni) kisha mnakimbizana na giza.

## Kufika

Nafikaje kutoka Dar?

Mabasi ya Kilwa yanapita barabara ya kusini, watu wengi wanapandia Mbagala. Njia ni ile ya Lindi na Mtwara, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unapita Somanga, ukifika Nangurukuru unaacha barabara kuu na kuingia kushoto kuelekea Masoko. Ni zaidi ya kilomita 300, hesabu masaa matano sita kwa basi kutegemea vituo. Ukipanda basi la Lindi au Mtwara utashushwa Nangurukuru, hapo kuna magari madogo na bodaboda za kwenda Masoko na Kivinje. Ni vizuri kufika Nangurukuru kabla jua halijazama.

Kipindi cha masika uliza kwanza hali ya barabara. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara maeneo ya Somanga, watu wa kusini wakakaa bila njia, kwahiyo hili sio la kupuuza.

Miezi gani mizuri?

Juni mpaka Oktoba pakavu na hakuna joto la kuua, ila kusi inavuma na bahari ina mawimbi hasa Juni na Julai, ukienda Songo Mnara utaloa. Novemba mpaka Februari joto kali lakini bahari inatulia zaidi siku nyingi. Machi mwishoni, Aprili na Mei ni masika, majani yanakuwa marefu kwenye magofu, mbu wengi, mimi nisingekwenda.

Kibali napata wapi na bei gani?

Kibali ni lazima, na unakipata Masoko kabla ya kupanda chombo, usivuke halafu uanze kutafuta huko. Eneo linasimamiwa na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), malipo ni ya serikali kwa control number, unalipa kwa simu au benki na unapewa risiti. Raia analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, na wanafunzi wana bei yao, kwahiyo beba kitambulisho cha NIDA, na wanafunzi wabebe vya shule. Ukiacha kitambulisho nyumbani usije kulalamika umehesabiwa vingine. Bei sitaji hapa kwa sababu zinabadilika, ulizia ofisini siku hiyo.

Ile ada ni ya kuingia tu, chombo na mwongozaji ni hela tofauti. Uliza kabla.

Nikifika bandarini nakutana na watu kibao wanataka kunivusha, nafanyaje?

Kaa utulie. Kuna vyombo vya wanakijiji vinavyovusha watu na mizigo kila siku, mashua za tanga na za mashine, hivyo ni nafuu ila unasubiri vijae. Na kuna chombo cha kukodi peke yenu, hicho unapatana bei ya kwenda NA kurudi, na muda wa kurudi mkubaliane mapema, hela yote usitoe mpaka mmerudi bara. Kuvuka ni kifupi, kwa mashine ni robo saa hivi, kwa tanga inategemea upepo. Muulize nahodha kuhusu maboya ya kuokolea kabla hujapanda, wala sio kumkosea adabu.

## Kisiwani kwenyewe

Lazima nichukue mwongozaji?

Chukua. Kwanza vibao ni vichache na magofu yametawanyika porini na mashambani, utapita mita kumi kutoka kwenye msikiti usiuone. Pili, watu wanaishi pale. Kilwa Kisiwani ni kijiji, kuna shule, kuna mashamba, watoto wanacheza pembeni ya kuta za karne ya 14. Mwongozaji wa kijijini anajua wapi ni kiwanja cha mtu na wapi ni kaburi, na hela yako inabaki kwa watu ambao ndio wanaofyeka majani na kuyalinda hayo magofu mwaka mzima.

Tatu, hadithi. Watakusimulia ya Ali bin al-Hassan aliyetoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa vitambaa, vitambaa vya kuzunguka kisiwa chote, mfalme aliyekuwepo akakubali. Iko kwenye kitabu cha kale cha historia ya Kilwa na wazee bado wanaisimulia. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuta watu walishaishi hapo kabla ya masultani hao, wakivua na kufua chuma, yaani mji ulikua kutoka kwa wenyeji na wageni wakaingia ndani yake. Sikiliza yote mawili, hayagombani kama watu wanavyodhani.

Nianze na lipi?

Ukishuka tu unakutana na Gereza, ile ngome pale ufukweni. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaikimbia 1512, unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya Waomani waliojenga upya karibu mwaka 1800. Watu wanapiga picha sana hapa kwa sababu imesimama vizuri, ila kihistoria ndo changa kuliko nyingi, usimalizie chaji ya simu hapo.

Msikiti Mkuu ndo roho ya mji. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, karne ya 11 au 12, halafu karne ya 14 ukaongezwa ile sehemu kubwa yenye kuba na matao, yote kwa matumbawe na chokaa. Ingia taratibu, simama katikati ya safu za nguzo, angalia juu. Dari za kuba ulizokuwa unasikia ziko Uajemi zilikuwa zinajengwa hapa na mafundi kwa mawe yaliyotolewa bahari hii hii. Karibu yake kuna msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, huo umehifadhika kuliko yote na mimi naupenda kuliko mkubwa.

Makutani ni jumba la karne ya 18, lina ukuta mrefu, linaonyesha Kilwa ilivyoamka tena baada ya kuporomoka. Ila kuamka kwenyewe kulikuwa na damu: mwaka 1776 sultani aliweka mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka wapelekwe visiwa vya Wafaransa. Waongozaji wengine wanaliruka hili wakiona wageni, waulize, watakueleza.

Halafu Husuni Kubwa. Ipo mbali kidogo na mengine, juu ya jabali linaloangalia bahari, na wavivu huwa wanaiacha. Usiiache! Ina vyumba zaidi ya 100, nyua za mapokezi, ghala za biashara, ngazi za kushuka baharini, na bwawa la kuogelea la pembe nane. Karne ya 14. Inaonekana haikumalizika na ilikaliwa muda mfupi tu. Jirani yake kuna Husuni Ndogo, boma la mstatili ambalo kazi yake bado haijulikani sawasawa.

Nivae nini?

Kijiji ni cha Waislamu, mabega na magoti yafunikwe, wanaume kaptula ndefu angalau, wanawake beba kanga ukijifunga inatosha. Viatu vya kufunga, maana mawe ya matumbawe yanakata, na ndala kwa ajili ya kushuka kwenye maji. Salimia watu, mzee unamwamkia shikamoo kabla hujatoa simu ya kupiga picha, na mtu usimpige picha bila kumuomba.

Chakula na maji vipi?

Maji beba ya kutosha kutoka Masoko, hapo usitegemee bahati. Chakula mwambie mwongozaji siku moja kabla, wanaweza kukupangia mama wa kijijini apike, wali wa nazi na samaki au pweza, na hutojuta. Ukikurupuka bila taarifa utapata vitumbua kama bado vipo. Pesa taslimu ndogo ndogo chukua bara, mawakala wa simu wapo Masoko.

## Songo Mnara na Kivinje

Songo Mnara inastahili hela ya mafuta ya boti?

Kwa anayependa historia, ndio tena sana. Kisiwani unaona majengo makubwa ya dola, Songo Mnara unaona mji watu walivyokaa: jumba kubwa, misikiti mitano na nyumba thelathini na kitu za mawe, zenye vyumba, mabaraza, vishubaka vya ukutani, vyoo, vyote ndani ya ukuta wa mji. Ulikaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 mpaka karne ya 16 kisha ukaachwa. Hakuna umati, mara nyingi mtakuwa peke yenu.

Ila safari ni ndefu, kwa tanga ni masaa kadhaa na inategemea upepo, kwa mashine ni haraka zaidi na ghali zaidi, na hapo ndo linakuja swali linalofuata.

Mnasema maji, maji, kwani maji yana nini?

Kila kitu. Songo Mnara unafikia kupitia mikoko. Maji yakiwa yamejaa boti inasogea karibu, yakipwa mnashuka mbali na mnatembea kwenye tope mpaka magotini. Kama mna mzee au mtoto hilo ni tatizo la kweli. Kipindi cha bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, kwahiyo dirisha lenu ni fupi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, hamna presha.

Cha kufanya: mpe nahodha tarehe yako siku mbili kabla, yeye akupangie saa ya kuondoka. Akisema tunatoka saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi na moja, sio saa mbili baada ya chai. Hata Kisiwani, maji yakiwa yametoka mnaweza kushuka na kutembea kidogo majini, ndo maana nikasema ndala.

Kivinje kuna nini?

Karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara kutoka ziwa Nyasa, pembe za ndovu na watumwa. Leo ni mji mtulivu, boma la Mjerumani linaelekea kuanguka, milango ya kuchonga imebaki michache. Cha muhimu zaidi ni Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipokuwa wananyongea watu waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Na miaka kumi baadae vita ya Maji Maji ikaanzia kwenye milima ya Matumbi, ndani ya wilaya hii hii. Nenda na mzee wa pale, bila maelezo utaona nyumba mbovu tu.

## Makumbusho

Vitu vilivyochimbwa viko wapi? Mbona kisiwani sivioni?

Uchimbaji mkubwa ulifanywa na mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, na vitu vya Kilwa vipo Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, Dar. Sarafu, vyungu, kaure. Nakushauri uingie pale KABLA ya kwenda Kilwa, utakuwa na picha kichwani ya nini kilikuwa ndani ya vyumba ambavyo utavikuta vitupu. Vigae vingine vya Kilwa vipo British Museum, London.

Na dhahabu? Vasco da Gama alikuja 1502 akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu kwa vitisho vya mizinga. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon ikatengenezwa chombo cha ibada cha kanisa kinachoitwa Custódia de Belém, kikamalizika 1506, na kipo makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale kule mpaka leo. Watanzania mlio Ureno, nendeni mkakione. Ni ya kwetu ile.

## Mambo ya mara moja moja

Nimeokota kigae au sarafu ufukweni, naweza kubeba?

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na hata bila sheria, kigae kina maana kikiwa pale kilipokuwa, kwenye begi lako ni takataka. Mvua zikinyesha vinaonekana vingi tu, piga picha, acha hapo hapo, mwonyeshe mwongozaji kama ni kitu cha ajabu. Mtoto au kijana akija kukuuzia "sarafu za sultani" usinunue, hata kwa huruma. Ukinunua moja kesho watachimba kumi.

Drone?

Kurusha drone Tanzania kunataka kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na juu yake ruhusa ya wasimamizi wa eneo. Shughulikia mkiwa Dar, ukishafika Masoko umechelewa.

Tunaweza kuswali ndani ya Msikiti Mkuu, au kusoma dua makaburini?

Kijiji kina msikiti wake unaotumika, swala ya jamaa nendeni huko, mtapokelewa. Magofuni mwambie mwongozaji nia yenu kwanza. Ijumaa mchana msimpangie kazi, anakwenda kuswali. Na mwezi wa Ramadhani safari zinaendelea kama kawaida, ila kula na kunywa fanyeni kando, sio mbele ya watu waliofunga.

Tunaleta wanafunzi 60, inawezekana?

Inawezekana na shule zinakuja, lakini andikeni barua mapema kwa wasimamizi Masoko, gaweni makundi ya kumi na tano au ishirini kila moja na mwongozaji wake, na vuka kwa zamu, msilundikane chombo kimoja ili kuokoa hela. Wapeni kazi watoto, kundi hili lichore msikiti mdogo wa kuba, lile lipime bwawa la Husuni Kubwa. Wakiachwa bila kazi wanapanda kuta, na kuta za matumbawe hazipandwi, zimesimama kwa chokaa ya miaka 600.

Mtu asiyeweza kutembea vizuri?

Sehemu ngumu ni kupanda na kushuka chomboni. Nendeni maji yakiwa yamejaa (swali la maji hapo juu), kodini chombo chenu, ongezeni mtu mmoja wa kusaidia. Gereza, Makutani na Msikiti Mkuu haviko mbali sana na mahali pa kushukia. Husuni Kubwa ombeni nahodha awazungushe kwa bahari muione kutoka chini ya jabali, na Songo Mnara kwa kweli siwezi kuwashauri.

Tulipanga jumamosi, tunaambiwa kuna meli ya watalii inakuja, tughairi?

Siku hizi meli kubwa za watalii zinatia nanga Kilwa, na siku hiyo waongozaji wengi na vyombo vingi vinachukuliwa. Hamna haja ya kughairi, geuzeni ratiba tu, siku ya meli nendeni Kivinje, Kisiwani muende kesho yake.

Naweza kulala kisiwani?

Nyumba za wageni za uhakika zipo Masoko, za bei chini na za ufukweni za gharama. Kulala Kisiwani kunahitaji mkubaliane na wasimamizi na uongozi wa kijiji, usijitundikie hema magofuni. Kama lengo lako ni picha za asubuhi, panga na nahodha jioni yake mvuke alfajiri, hilo hawakatai.